Sinia la Ijumaa

Ijumaa moja ya mwezi wa nane, mwaka 1951, saa nane kasoro robo mchana, Bi Mwanaheri alifunua kawa lililofunika sinia, na juu ya wali kulikuwa na nyama ya mbuzi.

Eufrazia aliiona kabla hajainusa. Alikuwa ameketi mkekani, uani kwa Bi Mwanaheri huko Temeke, miguu ameikunja upande mmoja kama mama yake alivyomfundisha walipokuwa kwao Ndanda, kusini, khanga moja kiunoni na ya pili kichwani. Mikono yake ilikuwa bado na maji. Aliyemnawisha alikuwa Sadallah mwenyewe, mwana wa Bi Mwanaheri, na jambo hilo lilimfurahisha mno shangazi yake, Bi Mwamvita.

"Tazameni maajabu!" Bi Mwamvita alisema, akajipiga paja. "Mie nimekula nyumba hii tangu kaka yangu yuko hai, sijapata kuona tone la maji kutoka mkono wa mtoto huyu. Leo birika limepata mwenyewe!"

Sadallah alimimina maji polepole, kwanza kwa mama yake, kisha kwa shangazi, mwisho kwa mgeni. Eufrazia alinyanyua macho ili amshukuru. Kwa kawaida macho ya Sadallah ndiyo yaliyotangulia kumtafuta. Bombani, sokoni, hata barabarani penye watu, yalimfikia kabla ya salamu. Siku ile yalibaki kwenye mdomo wa birika. Akadhani ni adabu, kwa kuwa mama yupo. Kawa lilipofunuliwa akajua kwamba haikuwa adabu.

Sharti lenyewe lilikuwa dogo, na Sadallah alilijua. Ijumaa, Eufrazia na Wakatoliki wenzake hawakula nyama, wala mchuzi wa nyama, kwa kukumbuka siku aliyosulubiwa Bwana wao. Jumanne Eufrazia alimwambia hivyo pale bombani, akamwomba amwarifu mama yake mapema. Alhamisi akamwuliza kama amemwarifu. Sadallah alijibu, "Nimemwambia. Atapika samaki. Changu."

Sasa pilau lilikuwa limeiva ndani ya mchuzi wa mbuzi, punje kwa punje, kahawia toka ukingo hadi ukingo. Hapakuwa na pembe ya sinia ambayo mtu angeweza kula akasema hakula nyama.

Na sinia hilo halikuwa la kushiba tu. Sadallah alipomwambia mama yake kwamba anataka kumposa binti wa Kikristo, na kwamba binti huyo hatabadili dini, Bi Mwanaheri alinyamaza kutwa nzima. Jioni alitoa neno lake. "Mlete nile naye. Nikila naye sinia moja nikaridhika, nitampokea pamoja na dini yake. Nisiporidhika, hata akisilimu simtaki." Sadallah aliyarudia maneno hayo kwa Eufrazia huku anacheka kwa furaha, kwa sababu hakuwa amepata kusikia mtu aliyekula na mama yake asimridhishe.

"Karibu, mwanangu," alisema Bi Mwanaheri. "Bismillahi."

Eufrazia aliinamisha kichwa. Ishara ya msalaba aliifanya moyoni; vidole vyake vilitikisika tu juu ya goti, na hilo peke yake lilimwumiza. Kisha akachukua kachumbari. Akatafuna kitunguu taratibu, akachukua ndizi mbivu, akaimenya kwa utulivu wa mtu anayepita kwenye daraja bovu.

"Mwenzetu mbona anadonoa kando kando kama kuku mwenye kideri?" aliuliza Bi Mwamvita.

"Mwache, wifi, ana haya," alisema Bi Mwanaheri. Akaingiza mkono katikati ya sinia, akachagua, akavuta kipande cha paja kilichonona, akakichambua mfupa, akakiweka mbele ya Eufrazia. Mwenye nyumba akikumegea kwa mkono wake, amekupa heshima yote aliyonayo; baada ya hapo hana kingine cha kukupa. "Kula. Mbuzi huyu amechinjwa kwa ajili yako."

Kipande kilikaa pale. Mafuta yake yaliingia taratibu kwenye wali. Aligeuza uso kuelekea mlango wa ukumbi, ambako Sadallah alikuwa bado amesimama na birika mkononi. Alimtazama kwa muda wa kutosha mtu kusema sentensi moja. Haikusemwa.

"Mama, nisamehe," alisema Eufrazia. "Leo siwezi kula nyama."

Mkono wa Bi Mwanaheri ulisimama. "Huwezi? Unaumwa?"

"Siumwi, mama. Ni Ijumaa. Sisi Ijumaa hatuli nyama, wala kilichopikwa na nyama."

"Wala pilau?"

"Wala pilau, mama."

"Haa!" Bi Mwamvita alijivuta nyuma kama aliyemwagiwa maji ya moto. "Siku yetu sisi! Siku tukufu, watu tunavaa, tunapika, nyinyi ndiyo mnatususia? Wifi, sema yaliyo ya kweli. Huyu anaona kisu cha Mwislamu ni najisi."

"Sivyo, shangazi. Jumapili ningekula nyama hii hii, iliyochinjwa na mtu huyo huyo. Siku zote nyama ninayokula inatoka bucha la Waislamu. Mji huu hauna bucha jingine."

"Usiniite shangazi. Bado."

Bi Mwanaheri hakupaza sauti. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, asiyependa maneno mengi, na jicho lake lilipotulia juu ya mtu, mtu huyo alijirekebisha khanga. "Desturi ni ya mtu na kwao," alisema. "Silaumu desturi. Ninachouliza ni kimoja. Ulijua leo ni Ijumaa. Ulijua unakuja kula. Kwa nini hukusema?"

Jibu lilikuwepo, la kweli na fupi: nilisema, nikamwambia mwanao. Eufrazia aliliona lote kichwani mwake. Aliona pia litakavyofuata: Sadallah mbele ya mama na shangazi yake, mwongo, na wazee waliokuwa wakila barazani na mjomba wake Sadallah wakilisikia kabla hawajanawa.

Alitazama mlangoni kwa mara ya pili. Sadallah alitazama birika.

"Ni kosa langu, mama," alisema Eufrazia. "Ilipasa ujue mapema."

Bi Mwanaheri alimwangalia yeye, akamwangalia mwanawe, akarudi kwake. Kisha alichukua kawa, akafunika sinia, wakati wali ulikuwa haujaliwa hata nusu.

"Basi," alisema. "Tumekula."

*

Sadallah alimfikia karibu na bomba la maji, mahali ambapo kichochoro cha kuta za makuti kinatoka barabarani.

"Eufrazia, ngoja. Usinikimbie, watu wanatutazama."

"Walianza kunitazama uani kwenu. Hapo hukuwaona?"

Alisimama hata hivyo. Alikuwa amekusudia asisimame, lakini sauti ile ilikuwa na mazoea ya kumsimamisha. Sadallah alikuwa fundi mwashi, kijana wa mabega mapana, chokaa haimtoki kwenye kucha hata siku ya Ijumaa. Kanzu yake nyeupe ilikuwa imelowa kifuani, pale alipokumbatia birika.

"Uliniambia umemwambia," alisema Eufrazia.

"Nilitaka kumwambia."

"Sikukuuliza ulichotaka. Nilikuuliza, umemwambia? Ukasema ndiyo, ni samaki. Tena ukasema ni changu. Hata jina la samaki ulilitia, Sadallah."

"Mbuzi alikuwa amekwisha kununuliwa. Kafungwa pale uani, analia. Mama anamchekea kama mtoto, anasema huyu ni wa mgeni wangu. Ningemwambiaje? Kwetu mgeni hachagui chakula."

"Ungemwambia mie sili."

"Nilisema moyoni, ni kipande kimoja. Ataficha mkononi, atakula wali kidogo, yatapita. Padre wenu hawezi kukusamehe kipande kimoja?"

"Anaweza. Hata ruhusa angenipa, kama ningeiomba kabla. Sikuiomba, kwa kuwa palikuwa na changu."

Sadallah alifumba macho. Mwanamke mmoja alikuja na debe, akaliweka chini ya bomba, akachukua muda mrefu kufungua maji. Walinyamaza mpaka debe likajaa na mwanamke akaondoka, shingo imebaki nyuma.

"Namwogopa mama," alisema Sadallah kwa sauti ya chini. "Sasa unajua."

"Mie nilimjua leo, na leo nimemwogopa. Lakini nimesema." Eufrazia alijifunga khanga upya, ingawa haikuwa imelegea. "Nisikilize. Jumapili nitakwenda kusali. Mama atauliza, mkeo yuko wapi? Utasema kaenda sokoni? Kwaresima nitafunga. Utasema naumwa tumbo? Rozari yangu ikionekana chini ya mto, utasema ni shanga za kiunoni?"

Sadallah alikaribia kucheka. Uso wa Eufrazia ukamrudisha.

"Mie si mtu wa kudharau dini yako. Unajua. Siku ile ya kwanza, nani alisimamisha mwiko?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Albano, kaka yake Eufrazia, alipanga chumba katika nyumba ya Mzee Mwinshehe, mjomba wake Sadallah. Katika chumba hicho, Jumapili ambazo padre hakufika Temeke, Wakristo wa mitaa ile walikusanyika kusali, wengi wao watu wa kusini, wakiimba kwa sauti isiyovuka ukuta. Jumapili moja mvua ilikuwa imebomoa upande mmoja wa ukuta, na Sadallah alitumwa na mjomba wake kupiga lipu. Wakristo walipoanza sala, Eufrazia aligeuka, akamwona fundi amesimama juu ya kiunzi, mwiko wenye lipu uko hewani, hapigi, hasogei, lipu inamdondokea mguuni. Alisimama hivyo mpaka sala ikaisha. Ndipo Eufrazia alipoanza kumpenda, na tangu siku hiyo hajaona sababu ya kubatilisha.

"Ulisimamisha," alikubali. "Siku ile hapakuwa na mtu wa kwenu wa kukuona."

Sadallah alijipangusa chokaa ya kucha kwenye kanzu.

"Usije kwetu mpaka umwambie," alisema Eufrazia. "Wala usimwambie kwa kunihurumia mie. Nimekwisha kufunika kosa lako mara moja, kwa kuwa nilikuwa mgeni. Nikiwa mke, sitaweza kulifunika kila Ijumaa."

Aliondoka. Alipofika penye kona alitamani kugeuka, akahesabu kwamba akigeuka atarudi, kwa hiyo hakugeuka.

*

Maneno ya Temeke hayalali njaa. Kesho yake asubuhi Eufrazia alipokwenda kuteka maji, mwanamke yule wa debe alikuwapo, na wenzake.

"Bibi, angalia maji haya!" alimwambia. "Mbuzi walikunywa hapa. Yasije yakawa mchuzi!"

Walicheka. Eufrazia aliwasalimu wote, akajaza ndoo yake, akajitwisha. Njiani maji yalimwagika zaidi ya siku zote.

Jumamosi hiyo hiyo, baada ya alasiri, Mzee Mwinshehe alikohoa mlangoni kwa Albano. Alikuwa mtu mpole, mwenye ndevu nyembamba, ambaye hakuwa amepata kugombana na mpangaji.

"Albano, mie sina ugomvi na mtu," alisema, akikataa kigoda. "Lakini barazani nimeulizwa. Wanasema wapangaji wangu wanaona chakula chetu najisi. Kesho msikusanyike hapa. Maneno yapoe kwanza."

"Yatapoa lini, mzee?"

"Maneno si uji, Albano. Sijui."

Alipoondoka, Albano aliketi kitandani na viatu vyake vya kazini, unga wa mbao wa kiwandani ukimdondoka nyweleni. Alikuwa amemlea dada yake tangu baba yao alipofariki, na posa ile hakuipenda toka mwanzo.

"Filomena alianza na pilau," alisema.

Eufrazia alimjua Filomena. Walitoka naye kijiji kimoja. Aliolewa Mtoni, na mumewe aliahidi kwamba angesali apendavyo. Sasa Jumapili haonekani, na akikutana na wenzake sokoni husalimu upesi, macho chini, kama mtu aliyekopa.

"Yeye alianza kwa kulila," Albano aliendelea. "Wewe umeanza kwa kulikataa, na chumba tumekikosa vile vile. Sasa niambie mie niliye mjinga, tulipaswa kufanya nini na pilau hilo?"

"Sijui, kaka."

"Huyo Sadallah wako alijua?"

Eufrazia alikunja nguo ya mtoto wa jirani aliyokuwa akiishona, akaikunjua, akaikunja. Kaka yake alingoja, kisha akasema, "Nimejibiwa."

Jioni alikuja katekista Romani, mzee aliyewaongoza katika sala. Ndiye aliyemfundisha Eufrazia amri za Kanisa kule Ndanda, alipokuwa binti mdogo, na kumchapa vidole aliporuka moja. Alisikiliza habari yote, akivua na kuvaa miwani.

"Ungekula tu, mwanangu," alisema mwishoni. "Ungekula, ukaja kuungama."

"Mwalimu, ni wewe uliyenifundisha. Nyama na mchuzi wake. Ulisema hata tukiwa ugenini."

"Nilisema." Mzee alifuta miwani yake kwa ncha ya koti. "Nilisema wakati nina chumba cha kusalia. Sasa nina watu, sina chumba. Nimekuwa mwoga, Eufrazia. Usinisikilize."

Wakakubaliana kila mtu asali kwake, saa ile ile, ili angalau sala ziondoke pamoja.

Jumapili, Eufrazia na Albano walifunga mlango. Picha ya Bikira Maria walikuwa wameivingirisha ndani ya khanga na kuiweka chini ya kitanda. Walisali kwa kunong'ona. Mahali pa wimbo, Albano alichezesha midomo bila sauti, kisha akaacha hata hilo. Nje mtu alikuwa anatwanga. Kila kinu kilipotulia, wote wawili walitulia pia, wakisikiliza kama nyayo zinakuja.

Baada ya Amina, Eufrazia aliweka kiganja kwenye ukuta. Lipu ilikuwa baridi. Mafundi wengine huisawazisha kwa ubao mpaka isijulikane nani aliipiga. Sadallah huacha alama ya mwiko wake chini, karibu na sakafu, nusu duara ndogo. Eufrazia aliijua ilipo. Aliigusa kwa kidole cha mguu, kaka yake asione.

Jumatatu Sadallah hakuonekana. Jumanne hakuonekana. Bombani Eufrazia alibadili saa ya kwenda, kisha akagundua kwamba hakuibadili ili wasionane, bali apite wakati mafundi wanarudi kazini. Akairudisha ilivyokuwa. Usingizi ulimpungua. Alijisemea kwamba mwanamume akinyamaza siku zote hizi ameshachagua, na kwamba ukweli ni bora kuujua ukiwa mbaya kuliko kuungojea ukiwa mzuri. Alijisemea mara nyingi, na hilo halikumtuliza hata mara moja.

*

Ijumaa, swala ilipokwisha na watu wametapakaa barabarani, Eufrazia alisikia kicheko kinasogea. Kilianzia kwenye maduka, kikaja na uchochoro, kikasimama mbele ya nyumba yao. Albano alikuwa kiwandani. Eufrazia aliweka sindano chini.

"Hodi!"

Sauti ilikuwa ya Bi Mwanaheri.

Eufrazia alifungua. Bi Mwanaheri alisimama kizingitini na buibui lake, uso wazi, mkavu kama siku zote. Nyuma yake alikuwa Sadallah, kanzu nyeupe, na kichwani amejitwisha sinia lililofunikwa kawa. Mwanamume mzima, fundi, amebeba chakula kichwani toka kwao, katikati ya watu wanaotoka msikitini. Jasho lilikuwa limemfika kidevuni. Macho yake yalikuwa kwa Eufrazia, na safari hii hayakuondoka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Tandika mkeka."

Eufrazia alitandika. Mkeka ulikaa upande. Sadallah aliinama, akatua sinia, akanyooka. Walikuwa karibu kiasi cha kusikia pumzi.

"Nimemwambia," alisema.

"Umekwisha tua mzigo," alisema mama yake. "Toka nje. Hapa hujakaribishwa."

Alitoka. Kupitia mlango ulioachwa wazi Eufrazia aliona bega moja la kanzu yake, ameegemea ukuta alioupiga lipu mwenyewe, na watu wakipita wakimtania.

Bi Mwanaheri aliketi. Eufrazia alileta maji, akamnawisha.

"Jumatano alikuja mbele yangu," alisema Bi Mwanaheri, akisugua vidole. "Mjomba wake yupo, shangazi yake yupo. Mate yamemkauka. Kasema, mama, aliniambia, mie nikamdanganya yeye, nikakudanganya na wewe. Mwamvita alicheka mpaka akalia. Mie sikucheka. Nilimwambia, mtu ulimwaibisha mbele ya sinia, basi sinia utalibeba wewe, mchana, mtaa ukuone." Alikung'uta maji. "Na wewe. Nilikuuliza kwa nini hukusema. Ukasema kosa ni lako. Kwa nini?"

"Ni mwanao, mama. Na nilikuwa nyumbani kwako."

"Uliniongopea."

"Nilisema ilipasa ujue mapema. Hilo ni kweli."

Bi Mwanaheri alimtazama. Pembe ya mdomo wake ilisogea kidogo, ikarudi mahali pake.

"Sijasema ndiyo," alisema. "Usije ukajidanganya. Kuna maneno ya watoto watakaozaliwa, hayo hatujayagusa, na ni makubwa kuliko mbuzi. Kaka yako ana yake, padre wenu ana yake, Mwamvita ana yake hayaishi. Nilisema nitakula nawe nione. Siku ile hatukula. Nimekuja tule."

"Ndiyo, mama."

"Na Jumapili salini. Nimemwambia Mwinshehe, nyumba hii aliijenga baba yetu, si yake peke yake. Tena muimbe kama watu. Mnavyonong'ona humu ndani, majirani wanadhani mnaloga."

Alifunua kawa. Wali ulikuwa mweupe, wa nazi. Juu yake kulikuwa na changu mzima aliyekaangwa kisha akatiwa kwenye tui, macho yake meupe, mkia umepinda kufuata ukingo wa sinia.

Bi Mwanaheri alikunja mkono wa buibui. Vidole vyake vilikuwa vimeshafika juu ya wali, akaona Eufrazia hajasogea.

Eufrazia alikuwa akiangalia mkono wake wa kulia. Ulikuwa juu ya goti, kama Ijumaa ile nyingine. Akaunyanyua. Akaugusisha kwenye paji la uso, kifuani, bega la kushoto, bega la kulia, bila haraka, midomo ikitamka. Muda wote huo mkono wa Bi Mwanaheri ulibaki hewani, haugusi wali, haurudi nyuma.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, mama."

"Bismillahi," alisema Bi Mwanaheri, na wakala.

Samaki alikuwa na chumvi ya kutosha, na ndimu. Nje mtu mmoja alimwuliza Sadallah kama amepata kazi ya upishi, wengine wakacheka. Bi Mwanaheri alimchambulia Eufrazia nyama ya tumboni, iliyo laini, akaiweka mbele yake. Eufrazia aliila yote.

Kisha Eufrazia alikata kipande cha karibu na mkia, akakisogeza ukingoni mwa sinia, upande unaoelekea mlango.

"Hicho kina miiba, mwanangu," alisema Bi Mwanaheri.

"Najua, mama."

Bi Mwanaheri alitazama mlango, akatazama kipande. Akachota wali kwa vidole vyake, akauweka kando ya kipande kile.